Dumu, Tyubu na Rababendi

Somo la plastiki na mpira hupita upesi katika shule zetu za msingi. Mwalimu huandika kichwa cha habari ubaoni, chini yake sifa tatu nne, kisha orodha ya matumizi: ndoo, beseni, chupa, matairi, viatu. Watoto hunakili, kengele hulia, daftari hufungwa, na jambo lenyewe halitajwi tena mpaka mtihani unapokaribia. Nimefundisha sayansi mkoani Tanga muda wa kutosha kujua kwamba mwalimu afanyaye hivyo si mvivu. Wanafunzi wamezidi madawati, kitabu kimoja kinagawanwa na watoto wanne au watano, na muhtasari unamkimbiza. Hata hivyo naamini kwamba hapo ndipo tunapopoteza moja ya nafasi nzuri kuliko zote tulizo nazo, kwa kuwa ni masomo machache sana ya sayansi ambayo vifaa vyake vyote mtoto amekuja navyo mwenyewe kutoka nyumbani.

Watazame asubuhi wakiingia getini. Huyu kavaa ndala zenye kikanda kilichotiwa msumari, yule kabeba dumu la lita tano la maji ya kusafishia darasa. Mwingine kaficha manati mfukoni, na nyuma yao kuna kundi linalopigana vikumbo kwa mpira wa chandimu uliosukwa kwa matambara na nailoni. Watoto hawa wanajua mambo mengi ambayo hakuna aliyewauliza. Wanajua tyubu ipi hurusha jiwe mbali na ipi imechoka. Wanajua kwamba dumu lililoachwa juani misimu miwili mitatu hupauka, kisha siku moja hupasuka lenyewe. Wanajua chandimu haudundi na kwamba ule wa dukani unadunda, ingawa hawajui sababu. Maarifa hayo hayana jina kwenye daftari, na mtoto mwenyewe hadhani kwamba ni sayansi. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba ndiyo.

Mimi huanza na rababendi. Inafaa ile pana kidogo, ya kufungia noti dukani. Kila mtoto hupata yake. Nawaagiza watumie midomo, si vidole, kwa sababu ngozi ya mdomo husikia joto dogo ambalo kidole kilichozoea jembe na ufagio hakilisikii. Waiguse kwanza ikiwa imelegea. Kisha waivute kwa ghafla mpaka karibu na mwisho wake na kuigusisha mdomoni palepale. Darasa hunyamaza kidogo, halafu kelele huanzia dawati la nyuma: imepata moto! Nawaambia waishike hivyohivyo ikiwa imevutika, wahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini, wailegeze mara moja na kuigusa tena. Sasa ni ya baridi. Wanarudia mara kumi, mara ishirini. Hakuna anayeambiwa arudie, na hakuna anayetaka kuacha.

Aliyeandika jambo hili kwa mara ya kwanza ni John Gough, Mwingereza wa mji wa Kendal, mwanzoni mwa karne ya 19. Gough alipofushwa na ndui akiwa mtoto mdogo sana. Dunia aliisoma kwa vidole, pua, ulimi na midomo, na kwa njia hiyohiyo alitambua kitu ambacho wenye macho walikuwa wameshika mikononi bila kukijua. Habari hiyo siachi kuwasimulia. Katika kila darasa nililopata kufundisha pamekuwa na mtoto asiyeona vizuri ubao, anayenakili kwa kuchungulia daftari la jirani, na ni vema asikie kwamba sheria moja ya maumbile iligunduliwa na mtu aliyekuwa kipofu.

Jaribio la pili linataka birika la maji ya moto, na hapo watoto wakae mbali. Unaning'iniza rababendi kwenye msumari, unafunga jiwe zito chini yake mpaka ivutike sana, kisha unaweka alama ukutani mahali jiwe lilipofika. Waulize: nikimwagia maji ya moto, jiwe litashuka au litapanda? Wote watasema litashuka, na wana haki ya kusema hivyo, maana daftari lao linasema kwamba vitu vikipata joto hutanuka. Unamwaga taratibu kwenye mpira. Jiwe linapanda. Linapanda kidogo tu, lakini kila jicho limeliona.

"Mwalimu, kwani kitabu kimekosea?" aliuliza msichana mmoja.

"Hakikukosea, mwanangu. Kimefupisha."

Jibu la swali lake limo ndani ya mpira wenyewe. Mpira ni nyuzi ndefu mno zisizoonekana kwa macho, kila uzi ukiwa na maelfu ya vipande vidogo vilivyoshikana mkiani kama watoto wa foleni. Ukiuacha, nyuzi hizo hujikunja ovyo. Ukiuvuta, unazilazimisha zijinyooshe na kujipanga. Joto ni mtikisiko, na nyuzi zikitikiswa hutafuta kurudi kwenye mkunjo wao, hivyo mpira uliovutwa hujivuta juu pamoja na jiwe lake. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulielewa hilo vizuri kabisa. Nimeona wakilielewa, na nimeona pia walivyobadilika baadaye, wakianza kuuliza kitabu kinaposema jambo, "Je, ni siku zote?"

Kisha huja swali la mahali mpira unapotoka. Watoto wengi hudhani mpira hutengenezwa kiwandani kuanzia mwanzo hadi mwisho, jinsi wanavyodhani kwamba maziwa hutoka kwenye pakiti. Sisi wa Tanga hatuna udhuru wa kuwaacha na dhana hiyo, kwa sababu shamba la mpira la Kihuhwi liko hapahapa Muheza, na wenzetu wa Unguja wana mashamba yao kule Machui na Kichwele. Mti wa mpira hugemwa. Mgemaji huamka mapema, maana asubuhi na baridi utomvu husukumwa kwa nguvu zaidi, na jua likipanda hupungua. Kwa kisu maalumu huchana gome kwa mshazari, kina kidogo tu asije akaujeruhi mti, na utomvu mweupe hutiririka kwenye mfereji huo hadi kikombe kilichofungwa chini. Mti huo umeshatunzwa miaka sita hivi kabla ya kutoa tone la kwanza. Utomvu hugandishwa kwa asidi, hupitishwa kwenye roli ukawa shuka, kisha hukaushwa kwa moshi. Ninapoeleza hayo, mtoto anayetoka kwenye ukoo wa wagema mnazi huwa ameshafika kabla yangu.

Lakini mti huo ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amazon, na mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha kutoka Brazil mbegu kama 70,000 hadi bustani ya Kew, London. Zilizoota hazikufika 3,000, na kutoka kwa hizo chache yalizaliwa mashamba makubwa ya Asia ya Kusini Mashariki. Kabla ya mti huo, mpira wa Afrika Mashariki ulitoka kwenye mitambaazi ya porini. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa nyuma ya Kilwa na Lindi waliugema msituni na kuuteremsha pwani kuuza. Mmoja wa mitambaazi hiyo wanasayansi waliupa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar. Jamaa wa karibu wa mtambaazi huo kila mtoto wa pwani anamjua kwa ladha: ni mbungo. Vunja kikonyo cha bungo bichi uone utomvu mweupe unavyonata vidoleni. Aliyekunywa juisi ya mabungo mwezi wa Ramadhani ameonja tunda la ukoo wa mpira.

Wajerumani nao walileta mti mwingine wa Brazil, ndugu wa muhogo, wakaupanda kwa maelfu ya ekari huku Muheza, Tanga na Morogoro. Ulipofika mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umejaa sokoni, bei ikaanguka na mashamba yale yakafa. Mti haukufa. Umebaki vichakani na nyuma ya nyumba, na akina mama wa Tanga wanachuma majani yake mpaka leo: ndicho kisamvu cha mpira. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliuzalisha mti huohuo na muhogo ili kupata mihogo inayohimili ugonjwa wa batobato. Mbegu za kazi yao zilisafiri mpaka Afrika Magharibi, na damu yake imo katika mihogo bora inayolimwa sehemu nyingi za bara hili. Sijui kama kuna historia ya sayansi iliyo karibu na sufuria ya mtoto wa Muheza kuliko hiyo. Inasikitisha kwamba humaliza darasa la saba bila kuisikia hata siku moja.

Utomvu mtupu una kasoro. Kwenye joto hulainika na kunata, kwenye baridi hukakamaa. Watu wa Meksiko ya kale walilitatua tatizo hilo kwa namna yao: walichanganya utomvu na maji ya mtambaazi fulani, wakapata mipira inayodunda. Mahali paitwapo El Manatí ilifukuliwa mipira iliyochezewa, au pengine iliyotolewa sadaka, yapata miaka 3,600 iliyopita. Hapo naiweka chandimu na mpira wa dukani juu ya meza, naidondosha kutoka kimo kimoja, na watoto wanaanza kuelewa kwamba kudunda ni zawadi ya vile vinyuzi, haitokani na umbo la duara.

Huko Marekani, Charles Goodyear aliteseka miaka mingi na tatizo hilohilo. Mwaka 1839 aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hutulia, haunati tena wala haukakamai. Salfa ni ule unga wa njano ambao wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupulizia mikorosho. Goodyear alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni mazito. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka 1898.

Namna ya kuonyesha alichofanya salfa ni kutoka nje. Wapange watoto uwanjani mistari mitatu, kila mstari wameshikana mikono. Waambie mistari isogee: mmoja huteleza kando ya mwingine bila kizuizi, na mwisho wake hutawanyika. Huo ni mpira mbichi, na ndiyo plastiki ya dumu ikiyeyuka. Sasa chagua watoto wachache katika kila mstari washike bega la mwenzao wa mstari wa pili. Waambie wavute. Mistari hunyooka, hujikaza, na ikiachwa hurudi pale ilipokuwa, haiwezi kutengana. Hao walioshika mabega ndio salfa. Kwa zoezi hilo mtoto anajifunza jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui: kwa nini dumu bovu linaweza kusagwa, kuyeyushwa na kuwa beseni jipya, lakini tairi halikubali. Ukilichoma, litaungua, halitayeyuka likarudi kuwa kinyunga. Ndiyo maana mafundi wetu hulikata. Wamasai wanavaa makatambuga, vitanda hufungwa mikanda ya tairi, visima vina ndoo za mpira. Fundi wa makatambuga anaijua kemia hiyo kwa kisu chake, na siku moja aalikwe darasani akaeleze.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo nimejiuliza sana kama inafaa kwa watoto. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo, na dunia ikawa na njaa ya mpira. Kongo wakati huo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi yake. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa porini. Wasipokitimiza, wake walishikwa mateka, nyumba zilichomwa, watu waliuawa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba kila risasi imeua, na ushahidi ulikuwa mkono wa kuume uliokatwa. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, amekaa barazani, mbele yake mkono mdogo na mguu mdogo. Vilikuwa vya binti yake Boali, mwenye umri wa miaka mitano. Picha hiyo na nyinginezo, pamoja na ripoti ya balozi wa Uingereza Roger Casement na maandishi ya mwanaharakati E. D. Morel, zilichangia kuiondoa Kongo mikononi mwa Leopold mwaka 1908.

Kwa darasa la tatu siyasemi hayo. Kwa darasa la sita na la saba nayasema, bila picha, kwa sauti ya kawaida, na ninalitaja jina la Boali. Wapo wazazi watakaoona ni mapema mno. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtoto wa miaka kumi na mbili wa Afrika ana haki ya kujua kwamba kitu kinachomfurahisha miguuni mwake kina historia, na kwamba waliolipa gharama yake walikuwa watoto kama yeye, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika na mbele zaidi. Akijua hivyo, hatasema kwa wepesi kwamba maendeleo yalitoka Ulaya.

Plastiki nayo ilipita pwani yetu kabla haijazaliwa. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilibebwa mabegani mwa wapagazi kutoka Manyema na Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa Zanzibar, na nyingi zilikwenda kuishia Connecticut, Marekani, katika mji ambao kwa ajili hiyo uliitwa Ivoryton, zikawa funguo za piano. Nyingine zilifanywa vitana na tufe za biliadi. Zilipoanza kuadimika, kampuni moja ya vifaa vya biliadi ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata mbadala. John Wesley Hyatt wa jimbo la New York alianza kujaribu, na mwaka 1870 alisajili ugunduzi wake wa seluloidi, iliyotengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi na kafuri. Tufe hazikufaulu vizuri sana, lakini vitana vilifaulu. Plastiki ya kwanza kushika soko, basi, ilitafutwa ili ishike nafasi ya kitu kilichotoka kwetu. Ya mifuko na madumu ilikuja baadaye: mwaka 1933, huko Northwich, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett walibana gesi ya ethilini kwa shinikizo kubwa, wakakuta ndani ya chombo chao nta nyeupe ambayo hawakuitarajia. Ndiyo polithini.

Jaribio la plastiki ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata moto. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa na mkasi. Kata kipande cha ubavu wa chupa kama ukubwa wa ukucha wa gumba, kata na kipande cha kifuniko chake. Waulize watoto: vyote ni plastiki, vimetoka kwenye chupa moja, vikitiwa majini vitafanya nini? Weka beseni katikati. Vizamishe kwa kidole kwanza vilowe, kwa sababu kipande chembamba kikitua taratibu huweza kushikiliwa na uso wa maji na kudanganya. Achia. Kipande cha chupa kinakwenda chini moja kwa moja na kulala. Cha kifuniko kinapanda juu. Viwanda vya kuchakata chupa hutumia njia hiyohiyo kutenganisha tani kwa tani.

Baada ya hapo mtoto yuko tayari kugeuza vitu na kusoma vitako vyao. Kwenye pembetatu ndogo huwa pana namba: 1 ni ya chupa za maji na soda, 2 ni ya dumu la mafuta ya kula, 3 ni ya mabomba ya maji, 5 ni ya viti na ndoo nyingi, 6 ni ya vile vyombo vyeupe vya povu vya kufungia chipsi. Namba 1 na 3 huzama, 2 na 5 huelea. Watoto wanaookota chupa kuuza kwa kilo wanalijua hilo kwa njia nyingine, maana mnunuzi huwapangia bei kwa aina. Siku hiyo mtoto ambaye wenzake humcheka kwa kuokota chupa ndiye anayejua zaidi, na mwalimu mwenye busara humpa nafasi ya kusema. Anaelewa pia mwenyewe jinsi vifuniko vinavyoelea mpaka fukwe za mbali na kumezwa na ndege, ilhali chupa iliyofunguliwa hujaa maji na kwenda chini tusikoiona.

Hapa nina ugomvi na namna tunavyofundisha mazingira. Tumeligeuza kuwa somo la karipio. Plastiki ni adui, plastiki ni sumu, usitupe plastiki. Aliyekaripiwa ni mtoto aliyetembea kilomita na dumu kichwani. Bibi yake alibeba maji kwa mtungi wa udongo, mzito hata ukiwa mtupu, na ukianguka umekwisha. Dumu tupu la lita 20 mtoto analining'iniza kwa vidole viwili. Mabomba ya sindano, mifuko ya damu, miwani ya bei nafuu, mapipa ya kuvuna maji ya mvua, vyote ni plastiki. Tukimwambia kwamba ni kitu kiovu, tumemwambia uongo, na atajua kwamba ni uongo atakapofika nyumbani. Akishajua, na yale ya kweli tuliyomwambia hatayashika.

Na ya kweli ni mazito yenyewe. Mwaka 2017 mtafiti Roland Geyer na wenzake walikadiria kwamba hadi 2015 binadamu alikuwa ametengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na kwamba katika ile iliyokuwa imeshakuwa taka, iliyochakatwa upya ni kama asilimia 9 tu. Nyingine imechomwa, na sehemu kubwa iko mahali fulani, ardhini au majini. Rwanda iliipiga marufuku mifuko mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetutangulia. Mitaro ilipata nafuu. Lakini ile mifuko mbadala tuliyoletewa, inayoonekana kama kitambaa, mingi imefanywa kwa nyuzi za polipropilini, ile namba 5 ya kiti cha plastiki. Mtoto akiichambua uzi kwa uzi ataona. Mtu akijua hivyo ataufua mfuko na kuutumia mwaka mzima. Asipojua ataudhani ni karatasi na kuutupa.

Kubwa kuliko yote kwangu ni moshi. Nyumba nyingi huwasha mkaa kwa kipande cha nailoni au chupa, kwa kuwa hushika upesi. Plastiki inayoungua jikoni hutoa moshi wa sumu, na ile ya mabomba na nyaya za umeme hutoa gesi ya asidi na dioksini. Lakini mtoto wa Kiswahili hamwambii mama yake, "Unakosea." Ukimtuma na neno hilo umemponza. Mpe kitu cha kupeleka. Muheza inajaa machungwa: maganda yaliyokaushwa juani yana mafuta, na huwasha mkaa vizuri mno. Makumbi ya nazi yapo. Mtoto akiingia jikoni na maganda makavu na kusema, "Shikamoo mama, leo naomba niwashe mimi," amefundisha bila kuvunja adabu. Vivyo hivyo kwa matairi yaliyolala nyuma ya nyumba. Maji yaliyotuama ndani yake ndiyo anayoyapenda mbu wa dengi, yule anayeuma mchana, aliyewalaza watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake hukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua. Mtoto aliyeambiwa hivyo atalitoboa tairi au kulijaza udongo na kulipandia mchicha, na hakuna mzazi atakayemzuia.

Lamu kuna mafundi, wakiongozwa na Ali Skanda, waliounda jahazi la mita tisa kwa mbao za plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa vipande vya ndala zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nawasimulia watoto habari zake, ila sipendi waone kwamba hilo ndilo suluhisho. Ninachotaka wakione ni kwamba mafundi wale waliijua tabia ya kitu walichokishika: kinavyokubali msumeno, kinavyopinda juani, kinavyozidi mbao kwa uzito. Ujuzi wao ulianzia hapo.

Kwa wanaoandika vitabu vya sayansi vya shule za msingi nina ombi moja. Orodha ya matumizi iwe mwisho wa sura, na mwanzoni pawekwe beseni, chupa na mkasi. Sifa za plastiki na mpira ziachiwe watoto wazitaje kwa maneno yao kwanza, ndipo kitabu kiseme chake. Na historia iingie: Amani, Bagamoyo, Kongo. Kwa walimu wenzangu, msingoje kitabu kipya. Rababendi zinauzwa kila duka la vifaa vya shule, na fundi wa baiskeli, ukimwendea kwa heshima na kumweleza kwamba ni za darasa, atakupa tyubu chakavu bure.